Mke Anapojibu: Mchekeshaji wa Jukwaani Katika Komedi ya Familia

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba mtambaji ana mamlaka makubwa juu ya ngano yake. Ndiye anayemtia sauti sungura, ndiye anayemtia sauti fisi, na fisi hana pa kukata rufaa. Mchekeshaji wa jukwaani wa Marekani ni mtambaji wa aina hiyo. Husimama peke yake na kipaza sauti, akamsema mkewe, mama mkwe wake na wanawe, nao hawapo ukumbini kumwambia kwamba mambo hayakuwa hivyo. Tangu miaka ya 1950 televisheni ya nchi hiyo imekuwa ikimtoa mtu huyu jukwaani na kumweka sebuleni pamoja na hao anaowasema. Makala haya yanadai kwamba komedi hizi hazifaulu kwa umahiri wa mchekeshaji pekee. Hufaulu pale anaponyang'anywa kipaza sauti, na wale waliokuwa wakisemwa wakapewa kauli.

Mfano wa mapema ni Danny Thomas, mchekeshaji wa klabu za usiku. Kipindi chake, Make Room for Daddy, yaani Mpisheni Baba, kilianza mwaka 1953 na kuendelea hadi 1964. Jina lenyewe lilitoka nyumbani kwake: aliposafiri kikazi watoto walilala chumbani kwa mama yao, na aliporudi ilibidi wahame. Thomas aliigiza mchekeshaji wa klabu, mtu anayesikilizwa na ukumbi mzima usiku, lakini nyumbani hasikilizwi na mtu. Mbegu ya utanzu huu wote imo humo.

Mbegu hiyo ilikua mno mwaka 1984, NBC ilipoanza kuonyesha The Cosby Show. Mwaka mmoja kabla, Bill Cosby alikuwa ametoa filamu ya uchekeshaji wake wa jukwaani, Bill Cosby: Himself. Humo anasimulia jinsi alivyowapa wanawe keki ya chokoleti kuwa kifungua kinywa, na jinsi mkewe alivyowaka alipogundua. Jukwaani mke huyo ni sauti tu kinywani mwa Cosby. Kwenye runinga akawa Clair, wakili aliyeigizwa na Phylicia Rashad, anayechunguza mumewe anakula nini na kumhoji kama shahidi kizimbani.

Tuangalie sehemu ya kwanza kabisa ya kipindi hicho. Theo, mwana wa daktari, amefeli masomo na anasema atatosheka na maisha ya kawaida. Baba anachukua noti za mchezo wa Monopoly, anamlipa mshahara, kisha anamkata kodi, nyumba, na matumizi mengine hadi kijana anabaki mikono mitupu. Kisha Theo anatoa hotuba ya kugusa moyo: huenda alizaliwa awe mtu wa kawaida, na baba ampende hivyo alivyo. Hadhira iliyokuwa studioni ikapiga makofi. Cosby akanyamaza, akaacha makofi yaishe, kisha akamwambia mwanawe kwamba hajapata kusikia upuuzi kama huo. Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko yale makofi. Kule kujua ni muda gani wa kunyamaza ni ujuzi wa jukwaani, haufundishwi kwa urahisi. Lakini la kuzingatia ni kwamba bila hotuba ya Theo, na bila watazamaji kumwunga mkono, ukimya ule usingekuwa na kazi. Kipindi hiki kilishika nafasi ya kwanza kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia 1985 hadi 1990, ingawa msimu wa mwisho kati ya hiyo kililazimika kugawana nafasi hiyo na Roseanne.

Roseanne Barr aligeuza mambo. Mke aliyekuwa akisemwa na wachekeshaji wanaume sasa alipanda jukwaani mwenyewe, akayasema yake, na mwaka 1988 akaletwa ABC akiwa mama wa familia ya wafanyakazi katika jimbo la Illinois. Mume wake wa kwenye runinga, John Goodman, hakuwekwa pale achekwe tu, alijibu. Ugomvi mkali zaidi ulikuwa nyuma ya kamera. Sifa ya kuwa mbunifu wa kipindi iliandikwa kwa jina la mtayarishaji Matt Williams, ilhali Barr alishikilia kwamba mwanamke yule alikuwa yeye. Williams aliondoka kabla msimu wa kwanza haujaisha. Mwalimu wa fasihi atalitambua swali hili mara moja: ngano ni ya nani, ya mtambaji au ya aliyeiandika?

Swali hilo lilimwumiza mtu mwingine. Mwaka 1994 ABC ilimpa Margaret Cho kipindi All-American Girl, kuhusu familia ya Wamarekani wenye asili ya Korea. Jukwaani Cho alisifika kwa kumwigiza mama yake. Watayarishaji wakachukua jina na sura yake, kisha hata sura hiyo wakaona ni nene mno. Alikonda kwa haraka hadi figo zake zikashindwa kufanya kazi, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe jukwaani mwaka 1999. Kipindi kilidumu msimu mmoja. Familia iliyozungukwa naye haikuwa ile aliyokuwa akiisema, kwa hiyo haikuwa na la kumjibu. (Sisi tunaofundisha Kiswahili tunaifahamu tamthilia ambayo mhusika wa pwani amepewa lafudhi ya kubahatisha. Hakuna anayecheka mahali panapostahili.)

Ray Romano alibahatika zaidi. Katika Everybody Loves Raymond, kilichoonyeshwa na CBS kuanzia 1996 hadi 2005, mhusika wake ana watoto pacha na ndugu askari polisi, kama Romano mwenyewe. Mama anaishi ng'ambo ya barabara na haoni sababu ya kubisha hodi. Tukihesabu tuzo za Emmy za uigizaji katika kipindi hicho, Romano alipata 1, mkewe wa kwenye runinga 2, ndugu yake 3 na mama yake 4. Waliojibu walimshinda aliyesema.

Kwa maoni yangu, aliyefika mbali zaidi kisanaa ni Bernie Mac. Katika filamu ya Spike Lee ya mwaka 2000, The Original Kings of Comedy, alisimulia jinsi alivyowachukua watoto watatu wa dada yake aliyekuwa na matatizo ya dawa za kulevya. Ilikuwa simulizi ya vitisho vitupu. The Bernie Mac Show, cha Fox, 2001 hadi 2006, kilimketisha kwenye kiti chake akitwambia sisi watazamaji vitisho vilevile, kisha kikatuonyesha watoto wakimzidi maarifa na yeye akilainika. Utambaji na tamthilia vimewekwa bega kwa bega, kimoja kikimsuta mwenzake.

Mchekeshaji na mhusika wakiwa na uso mmoja, doa la mmoja humfikia mwingine. Makumi ya wanawake walimshutumu Cosby kwa udhalilishaji wa kingono. Alitiwa hatiani mwaka 2018, na Mahakama Kuu ya Pennsylvania ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2021 kwa sababu za kisheria za jinsi alivyoshtakiwa. Wengi hawawezi tena kumtazama Cliff akimwonya Theo. Roseanne alirejea runingani Machi 2018 na kufutwa Mei mwaka huohuo kwa sababu ya ujumbe wa kibaguzi alioandika kwenye Twitter. Oktoba familia ilirudi bila yeye, kwa jina la The Conners. Ilielezwa kwamba mama amefariki kwa dawa za maumivu. Mume, watoto na dada yake walibaki na kochi lilelile, wakaendelea kusemezana kwa misimu 7, hadi Aprili 2025.