Uwiano wa Moli: Istilahi ya Kemia kati ya Kampala na Dar es Salaam

Historia ya istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huanzia Dar es Salaam. Hata hivyo, kati ya mwaka 1952 na 1962, kamati ya usanifishaji wa Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 1930 ilikuwa na makao yake Makerere, Kampala. Katika chuo hichohicho, kemia ilifundishwa kwa Kiingereza. Wanaleksikografia na wanakemia walikuwa majirani, lakini kila upande ulifanya kazi kwa lugha yake.

Wakati huo moli yenyewe haikuwa bado kizio cha msingi cha kimataifa. Wilhelm Ostwald alilitumia neno hilo mwishoni mwa karne ya 19. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ukaipa hadhi hiyo mwaka 1971. Tangu mwaka 2019, moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Kamati iliyohama Kampala ndiyo iliyozaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na taasisi hiyo ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Moli ni neno la mkopo, ilhali uwiano limetokana na kitenzi cha Kiswahili, wia, yaani kudai, wanaowiana hudaiana. Maana hiyo ya asili inaifafanua dhana vizuri. Katika mlinganyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O, kila moli mbili za haidrojeni hudai moli moja ya oksijeni. Deni hilo huhesabiwa kwa idadi ya chembe, si kwa uzito: gramu 4 za haidrojeni hudai gramu 32 za oksijeni. Mwanafunzi anayeichukulia 2:1 kuwa gramu atachanganya gramu 4 na gramu 2, na takribani gramu 3.75 za haidrojeni zitabaki bila kuungana na chochote.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kemia imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mwalimu wa Kiswahili kulichambua neno uwiano darasani, ili mwanafunzi aingie maabara akijua kinachodaiwa na kinachohesabiwa.