Ndege ya Mabua na Mzinga wa Mti

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Kumsenga, mpwa wangu alinionyesha ndege aliyoiunda kwa mabua na karatasi za magazeti. Nikakumbuka kwamba mkoa wetu wa Kigoma uliona ndege za vita tangu mwaka 1916, miaka mingi kabla ya zile za Hitler tunazozitazama katika filamu. Nikamwomba tuunde mojawapo.

Ziliitwa Short 827. Waingereza waliwaazima Wabelgiji nne, zikaletwa vipande vipande kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Hazikuundwa kwa ajili ya kupigana angani. Zilibeba watu wawili na mabomu, na badala ya magurudumu zilikuwa na maboya ya kuelea majini. Mabawa yake yalitanda mita 16.4, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, yetu yakawa na sentimita 23.

Kuunda kulikuwa rahisi kuliko kuichakaza. Ndege mpya kabisa ni uongo, kwa kuwa kitambaa hupauka juani na injini hutema mafuta. Chai ya rangi iliyokolea ilitupa mpauko. Masizi ya chungu yakatupa moshi. Kisha mpwa wangu akachota udongo mwekundu wa njiani. Nikamzuia: ndege hii ilitua majini.

“Sasa, Mjomba, huu udongo aliukanyaga nani?”

Swali hilo lilinikalisha chini. Mabomu yalidondoshwa bandarini Kigoma mwezi Juni 1916, lakini mji haukutekwa na ndege. Ulitekwa mwishoni mwa Julai na majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, na chakula na risasi zao zilipanda milima kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Wabelgiji wakaitawala Buha hadi 1921. Duniani kote wapo watu wazima wanaounda ndege za vita kwa ustadi wa kutisha, kila msumari mahali pake; sijamwona anayemuunda mpagazi.

Nikamsimulia pia kuhusu meli iliyokuwa ikiwindwa na ndege hizo, Graf von Götzen. Wajerumani walikuwa wameung’oa mzinga wake mkubwa ukatumike nchi kavu, wakasimamisha wa mti mahali pake. Kwa hiyo marubani walihatarisha maisha yao kuushambulia mwanasesere! Mpwa wangu alicheka mno. Baadaye Wajerumani wenyewe waliizamisha meli, wakiwa wamekwisha kuzipaka injini zake grisi. Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Ule udongo hakuumwaga. Aliuweka kwenye kifuniko cha kopo, akaanza kuchonga bua jingine, fupi, lenye miguu miwili. Mzigo wa kichwani tuliutengeneza kwa kipande cha boksi la kiberiti, na miguu tukaipaka udongo hadi magotini.