Kutoka Kuinama Hadi Simu: Neno "Nzuri" katika Biashara ya Vitabu Vikuukuu Nairobi

Nairobi ilizoea kununua kitabu kikuukuu kwa kuinama. Vitabu vilitandazwa kando ya barabara ya Tom Mboya, mnunuzi akainama, akafungua, akakagua kurasa, akanusa ukungu, ndipo bei ikaanza kuvutaniwa. Muuzaji hakuhitaji maneno ya kueleza hali ya kitabu, maana mteja alikuwa nacho mkononi. Kwa hiyo mkusanyaji wa Riruta anapolipa kwa M-Pesa, kisha bodaboda akamletea kitabu kilichofumuka mgongo ingawa kiliitwa "kizuri kabisa", kosa hilo nalihesabu kuwa la kihistoria kabla ya kuwa la ulaghai. Biashara ilihamia kwenye simu ikaacha nyuma macho na vidole, bila kutunga lugha ya kushika nafasi yake.

Marekani lugha hiyo ilipendekezwa mwaka 1949, katika jarida la biashara ya vitabu vikuukuu lililokuja kuitwa AB Bookman's Weekly. Ngazi za hali ya kitabu zilikuwa sita, na "nzuri" ilikuwa ya nne: kitabu kilichotumika na kuchakaa kama vingine, kurasa zote zimo, kila kasoro imetajwa. Kilichotoka maktaba kilipaswa kutajwa hivyo hata kiwe safi namna gani. Kwetu, ambako mihuri ya shule na maktaba imejaa katika vitabu vya mitumba, sharti hilo lingeokoa wengi.

Wapo wasemao picha inatosha. Picha huonyesha jalada. Haionyeshi unyevu wala ukurasa uliochanwa. Tena hata jalada lataka msomaji anayejua historia. Riwaya ya Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964, na katika mfululizo wa African Writers Series ikapewa namba 7, mwandishi akiitwa James Ngugi. Jina lake jipya, Ngugi wa Thiong'o, lilikuja kwenye majalada katika miaka ya 1970. Basi tangazo la "toleo la kwanza, 1964" lenye jina hilo jipya juu ya jalada linajipinga lenyewe, hata kama muuzaji amenakili kwa nia njema mwaka alioukuta ndani.

Wengine watasema bei ni ndogo, mteja asilalamike. Hoja hiyo inafaa kitabu cha kiada. Haimfai anayelipia zaidi kwa sababu ya mwaka wa chapa. Matapeli nao wapo, sikatai, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kudai kuwa bidhaa ina ubora ambao haina. Lakini "nzuri" isiyo na maana iliyokubaliwa humpa tapeli pa kujificha, na humwacha muuzaji mwaminifu bila njia ya kujitofautisha naye. Picha ya ukurasa wenye historia ya chapa, nyingine ya mgongo, na neno moja kuhusu mihuri vingerudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mnunuzi wa Tom Mboya alikipata kwa kuinama tu.