Chupa, Kizibo na Umri wa Divai

Sifa ya divai iliyolazwa ghalani kwa miaka thelathini aghalabu hupewa shamba ilikotoka, yaani udongo wake, mteremko wake na jua lililoivisha zabibu. Lakini historia ya Ulaya yaonyesha kwamba mashamba hayo yalikuwapo kwa karne nyingi bila divai yake kudumu hata miaka miwili, na kwamba kilichoiongezea umri kilikuwa tanuru la kioo na gome la mti. Divai, ambayo ni maji ya zabibu yaliyochachuka hadi sukari yake ikageuka kuwa alkoholi, ina adui mkubwa, nayo ni hewa, ambayo ikiiingia kwa muda mrefu huifanya siki.

Warumi walilitambua jambo hilo mapema. Mitungi yao mirefu ya udongo, iitwayo amfora, ilipakwa utomvu ndani na kuzibwa vizuri, na divai ya mwaka 121 KK, alipokuwa Opimius katika cheo cha konsuli, ilisifiwa kwa vizazi kadhaa, ingawa Plinio Mkubwa, aliyeandika karibu miaka 200 baadaye, alisema kwamba iliyosalia ilikuwa nzito kama asali na chungu. Pipa la mbao lilipochukua nafasi ya mtungi, maarifa hayo yalififia, kwa kuwa pipa ni chombo chema cha safari, lakini mbao zake hupitisha hewa, na kila kiasi kinachochotwa huacha pengo linalojazwa na hewa hiyo hiyo. Ndiyo sababu katika miaka ambayo Bordeaux ilikuwa chini ya wafalme wa Uingereza, kuanzia 1154 hadi 1453, merikebu zilibeba divai mpya kila majira ya vuli, na ile ya mwaka uliopita ikashuka bei mara tu mpya ilipoteremshwa bandarini. Mnywaji wa zama hizo angeshangaa kusikia kwamba divai kuukuu yaweza kuwa ghali kuliko changa.

Mageuzi yalitoka katika nchi iliyokuwa na mizabibu michache mno. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, akitaka miti ihifadhiwe kwa ajili ya merikebu za vita, aliwapiga marufuku mafundi wa vioo kutumia kuni, nao wakageukia makaa ya mawe, ambayo moto wake mkali zaidi ulitoa kioo kinene, cheusi na kigumu kuvunjika. Sir Kenelm Digby ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa chupa hizo katika miaka ya 1630. Kizibo cha chupa hizo kilikuwa koki, yaani gome jepesi la aina ya mwaloni unaostawi hasa Ureno, ambalo huchunwa kila baada ya miaka tisa hivi bila mti kukatwa. Na kufikia 1681 maandishi ya Kiingereza yalikwisha kutaja chombo cha chuma kilichosokotwa cha kuvutia vizibo, jambo linaloonyesha kwamba vilikuwa vikishindiliwa hadi ndani kabisa ya shingo. Hata hivyo, chupa za mwanzo zilikuwa na tumbo pana kama kitunguu, hivyo hazikulazika, na koki isiyoguswa na divai hukauka, husinyaa na kupitisha hewa. Iliwachukua mafundi karibu karne nzima kuirefusha chupa kidogo kidogo hadi ikawa mcheduara uwezao kupangwa kwa ubavu, safu juu ya safu.

Divai ya bonde la Mto Douro nchini Ureno ilinufaika mapema na umbo hilo. Mkataba wa Methuen wa 1703 uliipunguzia divai ya Ureno theluthi moja ya ushuru uliotozwa ile ya Ufaransa, na wafanyabiashara wakazoea kuitia brandi ili kuiimarisha, desturi iliyozaa divai tamu na kali iitwayo porto, ambayo baadhi ya aina zake huhitaji miaka mingi ndani ya chupa ili ukali wake utulie. Mwaka 1756 serikali ya Marquês de Pombal iliwekea eneo hilo mipaka, iliyotiwa alama za mawe, ili pasiuzwe divai ya kwingine kwa jina lake.

Huko Bordeaux, jina la shamba lilianza kuuzwa pamoja na divai yake. Tarehe 10 Aprili 1663 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kuhusu ladha ya pekee ya divai ya Haut-Brion aliyoinywa London, na Thomas Jefferson, alipozuru Bordeaux mwaka 1787, aliyaorodhesha mashamba manne ya kwanza: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Orodha rasmi ya 1855, iliyotayarishwa kwa Maonyesho ya Paris ya Napoleon wa Tatu, iliyaweka manne hayo hayo kileleni mwa daraja tano, nayo haikutungwa na waonjaji bali na madalali, waliofuata bei za sokoni za miaka mingi. Huenda hilo ndilo lililoidumisha, kwani badiliko kubwa tangu hapo ni la 1973 tu, Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza.

Shamba hilo la Mouton ndilo ambalo mwaka 1924, chini ya Philippe de Rothschild, liliamua kutia mavuno yake yote chupani pale pale shambani, badala ya kuwauzia wafanyabiashara mapipa na kuwaachia kazi hiyo. Tangu hapo chupa ikawa ushahidi wa asili yake, na katika minada ya leo mnunuzi wa divai kongwe, akiisha kusoma jina na mwaka, huiinua chupa kwenye mwanga na kutazama divai imeshuka kiasi gani shingoni, maana hapo ndipo hali ya kizibo hujulikana.