Gari Lililobaki Taveta

Mwanzoni mwa mwaka 1977 baba yangu mdogo, mkazi wa Himo, alipeleka Peugeot 404 yake kwa fundi mmoja Taveta. Pale Holili hakuomba karatasi yoyote ya forodha, wala hakuona haja. Tangu miaka ya 1920 Kenya, Uganda na Tanganyika zilishirikiana katika mambo ya forodha, na Mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki uliuendeleza ushirikiano huo. Kwetu sisi, Taveta ilikuwa sokoni tu.

Lakini Jumuiya ilikuwa taabani. Tangu Idi Amin atwae madaraka mwaka 1971 marais watatu hawakuketi tena pamoja, na sasa shirika la ndege la pamoja lilikuwa limevunjika. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Gari likabaki ng'ambo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukubaliana Arusha kuhusu mgawanyo wa mali ya Jumuiya. Nilimsindikiza baba mdogo. Kadi ya gari alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia kwa miaka karibu saba. Ofisa wa forodha aliisoma, akauliza kwa upole:

"Mzee, hati ya kulitoa nchini iko wapi?"

Haikuwapo. Basi gari lilihesabiwa kuwa limeagizwa kutoka nje, na ushuru wake ulishinda bei yake.

"Mwanangu, nilipie kodi mali yangu mwenyewe?"

Hakujibiwa. Alimuuzia fundi gari lile kwa bei ya kutupa, tukarudi Himo kwa basi, kimya.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule ofisa. Leo naona kuwa alifuata sheria. Sisi ndio tuliodhani ujirani unatosha kuwa hati. Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 umelizingatia hilo: bidhaa ya nchi mwanachama huvuka bila ushuru, ila kwa cheti cha uasili. Hata mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupatiwa cheti chepesi mpakani, mradi bidhaa yake imo katika orodha.

Nawasihi vijana: mpendeni jirani, lakini daini karatasi yenye muhuri. Kadi ya gari lile ninayo hadi leo.