Daftari na Jina: Kutafuta Kumbukumbu za Kuzaliwa na Kufa katika Nchi ya Konza

Mtu atakaye kujua ni lini alizaliwa mzee fulani wa Konza, au ni lini alifariki, hukuta mbele yake milango miwili. Mmoja ni wa ofisi: masjala, daftari, karani na ada. Wa pili ni wa lugha: majina ya watu na majina ya nyakati, kama wenyeji wanavyoyataja kwa Kikamba. Aghalabu mlango wa kwanza haufunguki mpaka mtafutaji awe amekwisha kupita katika ule wa pili, na katika kupita huko ndiko wengi hupotea. Jambo hili hudhaniwa kuwa la wanasheria peke yao, ilhali sehemu yake iliyo ngumu zaidi ni ya wanaisimu.

Konza ni stesheni ya reli katika mbuga kavu za Machakos, mahali ambapo njia ya Magadi huachana na njia kuu itokayo Mombasa. Reli kuu ilipita upande huu kabla ya kufika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Wakati wa ukoloni mbuga hizi zilikuwa za walowezi wafuga ng'ombe, na Wakamba waliokaa humo walikuwa vibarua wa ranchi au wa reli, ilhali makwao hasa kulikuwa vilimani. Baada ya uhuru baadhi ya ranchi zilichukuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi, na hapo swali la nani ni mwana wa nani likawa swali la hisa na la ardhi. Ndiyo maana utafutaji huu si kazi ya udadisi mtupu.

Sheria ya kwanza ya kuandikisha vizazi na vifo katika himaya ya Waingereza ilitungwa mwaka 1904, nayo iliwahusu Wazungu. Mwaka 1906 ikapanuliwa, ikawaingiza watu wa asili ya Asia. Sheria inayotumika hadi leo, yaani Sura ya 149 ya Sheria za Kenya, ni ya mwaka 1928; lakini hata hiyo haikuwalazimisha Waafrika walio wengi kwa muda wote wa ukoloni uliobaki. Kwa hiyo mtoto wa karani wa Kihindi aliyezaliwa katika nyumba za reli pale Konza alipasa kuandikwa, na mtoto wa kibarua Mkamba aliyezaliwa hatua mia kutoka hapo hakuwa na safu ya kuandikiwa. Mtafiti afunguaye madaftari ya miaka hiyo na kuona hakuna Mkamba ndani yake asidhani kwamba kurasa zimepotea. Hazikuandikwa.

Mfano wa Kima unafaa kutajwa hapa. Mwezi wa Juni 1900, katika stesheni ya Kima, upande wa Mombasa kutoka Konza, simba aliingia katika behewa na kumwua ofisa wa polisi, C. H. Ryall, aliyekuwa amekuja kumvizia simba huyo huyo. Tarehe ya kifo chake inajulikana, kaburi lake liko Nairobi, na kisa chake kimesimuliwa katika vitabu vingi. (Wako wasimulizi wasemao kwamba hata jina la Kima latokana na nyama ya kusaga. Lakini kima ni mnyama pia, na fasiri tamu za namna hii zapaswa kupokewa kwa hadhari.) Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1897 na 1901, Ukambani ilikuwa katika njaa kuu iliyofuatana na ndui. Waliokufa hawakuandikwa na mtu. Lililobaki ni neno moja, Ngomanisye, jina la njaa ile, ambalo hufasiriwa kuwa ni iliyofika kila mahali. Kwa ofisa mmoja kuna tarehe. Kwa maelfu kuna jina la msimu.

Jina hilo, hata hivyo, si kitu kidogo. Njaa kwa Kikamba ni yũa, na mfuatano wa majina ya njaa ndio uliokuwa kalenda ya vizazi kadhaa. Iko njaa ya Mwolyo, ya miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya chakula cha msaada kilichogawiwa. Iko njaa ya Ndeke, ya 1961, ambapo chakula kilidondoshwa kwa ndege. Iko Nĩkw'a Ngwete ya 1984, maana yake nakufa hali nimeshika, yaani fedha ilikuwa mkononi lakini chakula hakikupatikana cha kununuliwa. Mzee asemaye kwamba alizaliwa wakati wa Mwolyo hatoi jibu la kukwepa. Ametaja tarehe kwa kipimo chake, na kazi ya kuigeuza ni ya msikilizaji. Wasimamizi wa sensa waliligundua hilo mapema: tangu Waafrika wa Kenya walipohesabiwa kikamilifu kwa mara ya kwanza mwaka 1948, orodha za matukio ya mahali zimekuwa chombo cha kawaida cha kukisia umri.

John Mbiti, mwenyeji wa Kitui, alilijengea jambo hili nadharia katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969. Alidai kwamba wakati, kwa Waafrika wa jadi, ni mpangilio wa matukio, si hesabu ya miaka, na akaazima maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuwa istilahi zake. Wakosoaji walimlaumu kwa kuinua falsafa ya bara zima juu ya njeo za vitenzi vya lugha chache, na lawama hiyo ina uzito. Lakini mtu aliyewahi kumsaidia mzee kujaza fomu ya umri hatalitupa lote alilosema Mbiti.

Ugumu waanza pale kipimo kimoja kinapohamishiwa katika kingine. Njaa ya Mwolyo haikuwa ya siku moja wala ya mwaka mmoja. Karani wa kwanza aweza kuandika 1943, wa pili 1945, na mtu mmoja akawa na miaka miwili ya kuzaliwa: mmoja katika kitambulisho, mwingine katika karatasi za kazi. Kila karatasi ni halali mpaka zinapowekwa pamoja mezani, siku ya kudai malipo ya uzeeni.

Majina ya watu nayo ni kumbukumbu. Kioko ni wa asubuhi, Mutuku ni wa usiku, Wambua ni wa mvua, Kyalo ni wa safari, na Wayua ni mwana wa njaa. Kwa mtazamo wa haraka ingedhaniwa kwamba jina la Wayua latosha kuwa cheti cha kuzaliwa. Sivyo. Desturi ya kuwapa wajukuu majina ya babu na bibi zao yafanya Wayua wa leo awe ameirithi njaa ya bibi yake, naye mwenyewe akawa amezaliwa mwaka wa mavuno mema. Jina hushuhudia kuzaliwa kwa yule wa kwanza aliyelichukua; kwa wengine hushuhudia ukoo. Asiyetenganisha mambo hayo mawili ataandika historia ya mvua na njaa isiyokuwapo.

Kuna pengo jingine ambalo daftari lolote huficha. Mbiti ameeleza kwamba mtoto wa Kikamba, kabla ya kupewa jina siku ya tatu na kufungwa mkufu na baba yake siku iliyofuata, alihesabiwa bado kuwa wa mizimu. Mtoto aliyekufa katika siku hizo hakuwa na jina, na asiye na jina ni vigumu kumtangaza kwa karani. Yeyote apangaye takwimu za vifo vya watoto wachanga wa zamani kwa kufuata masimulizi hana budi kukumbuka hivyo.

Serikali ya kikoloni, iliyowaacha Waafrika nje ya daftari la vizazi, haikuwaacha nje ya kila daftari. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutumika kwa nguvu mwaka 1919 na 1920, iliwaandikisha wanaume watu wazima kwa jina, wilaya, alama za vidole na mwajiri wao. Umri ulikisiwa kwa kuangalia mtu. Kwa mjukuu wa kibarua wa Konza, kumbukumbu ya aina hii, ikipatikana, huenda ikawa ya kwanza kabisa kumtaja babu yake kwa maandishi. Nayo humtaja kama nguvu ya kazi, si kama mwana wa fulani. Wanawake hawakuwamo. Walianza kupata kitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo mwanamke hutafutwa katika daftari la ubatizo, kama alibatizwa, na wamisheni wa Africa Inland Mission walikuwa Ukambani tangu 1895. Lakini tarehe ya ubatizo wa mtu mzima haisemi lini alizaliwa.

Uandikishaji wa wote ulianza kuenezwa mwaka 1963, wilaya baada ya wilaya, hata kufikia 1971 ukawa wa lazima nchini kote. Kifo cha nyumbani kikawa cha kupelekwa kwa naibu wa chifu. Lakini sheria kuwa ya lazima si sawa na watu kuandikwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wa afya wa Nairobi na Amsterdam walifuatilia vizazi na vifo katika kata za Matungulu na Mbiuni, kaskazini mwa Wilaya ya Machakos, na matokeo yakachapishwa mwaka 1984 katika kitabu kilichohaririwa na J. K. van Ginneken na A. S. Muller. Njia yao ilikuwa kumtuma mtu kila nyumba kila baada ya majuma mawili. Ofisi husubiri kuletewa habari. Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo tofauti ya madaftari yao.

Tangu Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981, warithi wanaotaka mali ya marehemu huanza kwa cheti cha kifo. Mjukuu anayetaka hisa ya babu aliyefariki kabla ya 1963 hutakiwa kuthibitisha kifo ambacho hakuna aliyelazimika kukiandika. Na hata penye maandishi, tahajia humzuia. Kikamba kina irabu saba, na alama za ĩ na ũ hazikuwamo katika mashine za chapa za ofisi. Mũsyoka akawa Musyoka, Musioka, au Mosioka, kadiri ya sikio la karani na lugha ya mama yake. Kikamba cha wazee hakina r, hivyo jina la ubatizo lilitamkwa kwa l na mara nyingine likaandikwa kama lilivyosikika. Kisha jina la baba likafanywa la ukoo kwa mtoto mmoja na kuachwa kwa nduguye. Katika faharasa iliyopangwa kwa alfabeti, ndugu wa tumbo moja hukaa mbali kama wageni.

Mipaka imeongeza taabu. Makueni ilikatwa kutoka Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, na nchi ya Konza imekaa pale ambapo Machakos, Makueni na Kajiado hukutana. Familia ambayo haikuhama hata hatua moja yaweza kuwa na kizazi kilichoandikwa Machakos na kifo kilichoandikwa Wote.

Mwezi wa Januari 2013 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza katika ardhi iliyokuwa ya ranchi ya Malili, na humo sasa mna kituo cha taifa cha kuhifadhi data za serikali. Maombi ya vyeti yamehamia kwenye mtandao, na tangu 2023 mpango wa Maisha Namba umekusudia kumpa kila mtoto namba moja ya tangu kuzaliwa hadi kufa. Basi kumbukumbu za taifa zimekuja kulala katika mbuga ile ile ambayo watu wake hawakuandikwa. Lakini mashine hutafuta herufi kwa herufi: isipoambiwa na mtu ajuaye Kikamba kwamba Mosioka na Musyoka ni jina moja, itamjibu mjukuu kwamba babu yake hayumo.