Risasi Isiyokuwa Risasi

Yapo majina yadumuyo baada ya mambo yenyewe kubadilika. Huku Mabibo, jijini Dar es Salaam, jina la mtaa lataja matunda ya mkorosho, ilhali macho huona nyumba, maduka na magari. Ndivyo lilivyo neno risasi. Kwa asili ni jina la madini mazito, laini, ya kijivu, nalo tulilipata kutoka Kiarabu. Kwa kuwa wazee waliyayeyusha madini hayo kutengeneza kile kirushwacho na bunduki, kitu kikaitwa kwa jina la madini yake. Leo wapo wawindaji watumiao risasi za shaba tupu. Lakini lugha imelihifadhi jina la kale, na ndani ya jina hilo mna historia.

Katika karne ya 19 bunduki za gumegume na za fataki ziliingia bara kutoka Zanzibar pamoja na nguo na shanga, na pembe za ndovu zikateremka pwani. Rugaruga wa Mirambo, mtemi wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, walizichukua vitani. Wawindaji walizichukua porini. Gobore hushindiliwa kwa mkono: baruti hutangulia katika mdomo wa mtutu, kizibo na risasi hufuata, mdeki ukakaza vyote. Baruti ikipungua, mnyama hujeruhiwa akatoroka. Ikizidi, mtutu huweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Kipimo kilikaa mkononi na katika kumbukumbu.

Risasi yenyewe ilisubiwa katika kalibu nyumbani, maana madini yake huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na moto wa mafiga watosha. Shaba huhitaji nyuzi 1,085, moto wa mhunzi na mivukuto yake. Kwa hiyo mwindaji wa kale aliweza kujitosheleza. Wa leo hununua kichwa cha shaba kilichochongwa kwa mashine kiwandani.

Lakini tusidhani kwamba gobore lilidumu kwa mapenzi ya wenyewe tu. Mwaka 1890, katika mkutano wa Brussels, mataifa makubwa yalizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu gumegume na baruti ya kawaida chini ya uangalizi. Mgeni akashika bunduki ya kisasa, mwenyeji akabaki na mdeki. Ufundi wa mkono ukawa pia alama ya kutawaliwa.

Na bunduki hizo mpya zilifanya nini? Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell aliwinda Karamoja, Uganda, kwa bunduki nyembamba za milimita 7. Alithibitisha kwamba risasi nyepesi, ikipigwa mahali pake, humwangusha hata ndovu. Ustadi wake hauna shaka. Lakini katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000. Hapo ndipo tuonapo kwamba shabaha si busara.

Risasi ya shaba, iliyoenea tangu miaka ya 1980 kutoka Marekani, ni nyepesi kuliko ya kale yenye ukubwa ule ule, lakini haivunjikivunjiki nyamani. Ile ya kale huacha chembe zenye sumu. Nchini Botswana watafiti wamekuta madini hayo katika damu ya tumbusi, na zaidi katika msimu wa uwindaji. Jimbo la California lilikamilisha mwaka 2019 katazo la risasi hizo katika uwindaji. Hivyo wapendao kujishindilia risasi kwa mkono siku hizi hupima baruti kwa mizani, huchagua shaba, na wengine hujivunia kulinda ndege.

Kiswahili cha kale kiliuita mshindilio mmoja wa bunduki kiasi. Neno hili lafaa kufikiriwa na vijana wetu. Tanzania ilipofunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, ilikuwa ikitafuta kiasi cha taifa. Madini yamebadilika, bunduki zimebadilika. Kisichobadilika ni kwamba mkono upimao baruti hauna budi kuongozwa na moyo ujuao kiasi.